Jenga Roketi Itakayorudi

Cheti cha kwanza cha roketi zenye nguvu kubwa nchini Marekani hakitolewi kwa aliyefika juu kuliko wenzake. Hakitolewi kwa moshi mzito wala kwa mngurumo unaotikisa kifua. Hutolewa kwa mtu aliyeijenga roketi yake kwa mikono yake, akairusha mbele ya shahidi aliyeidhinishwa, parachuti ikafunguka, roketi ikatua, na shahidi akaigeuzageuza na kuridhika kwamba ikitiwa mota nyingine inaweza kuruka tena siku hiyo hiyo. Anayelielewa hilo tangu siku anayofungua boksi hujenga kwa namna tofauti kabisa na anayewaza kupaa peke yake.

Nawaandikia wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani na Kanada: wanafunzi wa uhandisi, wazazi wenye watoto wasioambilika kuhusu anga, watu wazima waliotamani jambo hili tangu utotoni na sasa wana nafasi na vijisenti vya kulifanya. Mchezo huu uko wazi kwenu. Una vyama viwili vikubwa, National Association of Rocketry na Tripoli Rocketry Association, na matawi yake yametapakaa karibu kila jimbo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kukueleza mapema mahali penye hatari na mahali pa kutuliza mkono.

Tuanze na maana ya hiyo nguvu kubwa. Mota za roketi hupangwa kwa herufi, na kila herufi ni maradufu ya iliyoitangulia. Mota ya G hufikia jumla ya msukumo wa nyutoni-sekunde 160. H huanzia hapo hadi 320, na I hadi 640. Hizo mbili ndizo za cheti cha daraja la kwanza. Daraja la pili, ambalo lina mtihani wa kuandika, linakufungulia J, K na L. La tatu ni la M, N na O, na kikomo chake ni nyutoni-sekunde 40,960. Maradufu juu ya maradufu hukua haraka kuliko akili inavyotarajia, na ndiyo sababu vyama haviruhusu uruke madaraja.

Jifunze kusoma jina la mota kabla hujalipia chochote. Chukua H135W-14A ya kampuni ya AeroTech. H ni daraja la nguvu. 135 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. W ni aina ya fueli, inayotoa mwali mweupe na moshi mweupe. 14 ni sekunde za kungoja tangu fueli iishe hadi baruti ndogo iliyo kichwani mwa mota ilipuke na kuisukuma parachuti nje, na A inamaanisha muda huo unaweza kupunguzwa. Katika maandishi hayo machache kuna namba mbili zinazoamua kama roketi yako itarudi: 135 na 14. Nitazirudia zote mbili.

Sheria nazo usizipuuze. Kanuni za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, zinaruhusu kurusha bila kibali maalumu roketi isiyozidi gramu 1,500, yenye fueli isiyozidi gramu 125, iliyojengwa kwa karatasi, mbao au plastiki inayovunjika. Ukivuka mipaka hiyo, anga lazima liombewe kibali. Klabu ndizo huomba vibali hivyo kwa viwanja vyao, tena kwa siku na urefu maalumu. Kwa hiyo jiunge na klabu kwanza, kabla ya kununua roketi. Watakuambia uwanja wao unaruhusu urefu gani, wana reli za kurushia za ukubwa gani, na nani mwenye idhini ya kushuhudia jaribio lako. Mota zenye nguvu kubwa huuzwa kwa mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na aliye na cheti au anayejaribu kukipata. Kwa kijana wa miaka 14 hadi 17 upo mpango wa vijana, akisimamiwa na mtu mzima mwenye cheti.

Mota hiyo utainunua tayari imetengenezwa kiwandani. Hapa nasema kwa ukali kwa sababu nalijali: usichanganye fueli yako mwenyewe. Mchezo huu wa kistaarabu ulibuniwa hasa kwa ajili ya kuwaepusha watu na jambo hilo. Katika miaka ya 1950 vijana wa Marekani walikuwa wakishindilia kemikali ndani ya mabomba ya chuma, na wengine walipoteza vidole, macho na hata maisha. Orville Carlisle, mwenye duka la viatu mjini Norfolk, Nebraska, akishirikiana na ndugu yake Robert, alibuni mwaka 1954 roketi ndogo ya karatasi na mbao nyepesi iliyotumia mota ya kubadilisha, iliyotengenezwa na mtu anayeijua kazi hiyo. Aliwasiliana na G. Harry Stine, mtaalamu aliyekuwa amefanya kazi kwenye uwanja wa makombora wa White Sands na aliyekuwa akiandika kuhusu hatari hizo. Mwaka 1957 Stine akaanzisha chama kilichokuja kuitwa National Association of Rocketry, na mwaka uliofuata Vern Estes akajenga mashine ya kutengeneza mota kwa wingi. Tangu hapo kanuni ni ile ile: mwili wa roketi jenga wewe, moto waachie wenye kiwanda.

Sasa seti yenyewe. Dukani utaonyeshwa roketi nyembamba ya faibaglasi, ndefu, yenye ncha kali, na muuzaji atakuambia inaweza kuvuka kasi ya sauti. Kwa cheti cha kwanza iache. Itapotea machoni pako ikiwa bado inapanda, itahitaji kifaa cha redio ili uipate, na itaanguka mbali. Nunua roketi nene: bomba la karatasi ngumu lenye kipenyo cha inchi 4, yaani sentimita 10, mapezi ya plaiwudi, na sehemu ya mota ya milimita 38 ambayo ukitia kipunguzio hupokea pia mota za milimita 29. LOC-IV ya LOC Precision na Zephyr ya Apogee Components ni seti za aina hiyo zinazofahamika sana viwanjani. Roketi ya namna hii, ikiwa na uzito wa kilo moja na nusu na mota ndogo ya H, hupanda mita mia kadhaa tu. Utaiona ikipanda, utaiona parachuti ikifunguka, utaiona inakotua. Karatasi ikichanika unaikata na kuibandika upya.

Kabla ya hiyo, ikiwa hujawahi kurusha chochote, jenga ndogo moja ya mota ya C au D. Ni ya bei nafuu, na itakufundisha mkono kuhusu gundi na mapezi.

Fungua boksi, toa kila kipande, na ujenge roketi nzima bila gundi. Ingiza bomba la mota ndani ya pete zake, pitisha mapezi kwenye nafasi zilizokatwa ubavuni, uone kama mzizi wa kila pezi unagusa bomba la mota. Usipogusa, gundi itabeba mzigo ambao mbao ingepaswa kuubeba. Pezi linalopita ukuta wa bomba na kushikwa ndani na nje ni gumu kung'oka, na hiyo ndiyo faida kubwa ya seti za nguvu kubwa juu ya zile ndogo ambazo mapezi yake hubandikwa juu ya ngozi tu. Palipobana, piga msasa. Palipolegea, usijaze kwa gundi. Zungushia tabaka la karatasi kwanza.

Kuhusu gundi, watu hubishana sana, na mimi nina msimamo. Kwa karatasi na mbao, gundi nzuri ya seremala inatosha, kwa kuwa ikishakauka karatasi ndiyo huchanika kabla ya gundi kuachia. Epoksi itumie mahali penye chuma, kwa mfano kifuniko cha nyuma kinachozuia mota isichomoke, na hapo chagua ile inayostahimili joto. Ukitumia epoksi kwenye mapezi, chukua inayokauka kwa dakika 30, si ya dakika 5. Ya dakika 5 hukamata kabla hujamaliza kunyoosha pezi, na pezi lililopinda halirekebishiki. Vaa glavu na ufungue madirisha. Epoksi inaweza kuizoesha ngozi mzio ambao ukishaanza hauondoki, na mtu akajikuta hawezi tena kuigusa maishani.

Kila panapopigwa gundi pakwaruze kwanza. Mabomba ya karatasi huja yakiwa na ngozi laini inayong'aa, na gundi iliyokaa juu yake huonekana imeshika kumbe imelala tu. Baada ya mapezi kusimama sawa, pitisha mshono wa gundi pembeni pale pezi linapokutana na bomba, uulainishe kwa kidole chenye glavu, na uiache roketi ilale huku mshono ukitazama juu ili gundi isichuruzike. Fanya pembe mbili kwa wakati mmoja, usubiri, kisha uigeuze. Kazi hii huchukua jioni kadhaa. Ipe jioni hizo.

Lakini sehemu ninayokusihi uifanye kwa moyo wote si mapezi. Ni kamba na mahali inapofungwa. Nguvu ya kupaa huingia kwa mpangilio: mota inasukuma pete, pete zinasukuma bomba, na vyote vinaelekea upande mmoja. Nguvu ya kufunguka kwa parachuti huja kwa ghafla, kutoka upande wowote, na inapita kwenye kitu kimoja tu, yaani kile kitanzi ulichofungia kamba. Kikichomoka, pua inashuka na parachuti kwa raha zake na mwili mzito wa roketi unaanguka bure.

Kwa hiyo tumia bolti yenye kitanzi kilichofungika kabisa. Kitanzi chenye upenyo hunyooka kikivutwa. Ipitishe kwenye pete ya juu ya mota, utie nati na washa nyuma, kisha upake epoksi juu ya nati isilegee. Fanya hivyo kabla ya kubandika sehemu ya mota ndani ya bomba, maana baadaye mkono haufiki. Upande wa pili angalia pua. Pua nyingi za plastiki huja na kitanzi kilichofinyangwa pamoja nazo, na plastiki hiyo haishiki gundi vizuri. Kama kitanzi ni chembamba, toboa na uweke bolti. Kamba yenyewe iwe ya nailoni bapa au Kevlar, na urefu wake uwe angalau mara tatu ya urefu wa roketi. Baruti inapolipuka, pua hutupwa mbele kwa kasi. Kamba ndefu huipa nafasi ya kupunguza mwendo kabla ya kufika mwisho, na kamba fupi huirudisha ikagonge mwili.

Toboa tundu dogo la milimita 3 hivi kwenye bomba la juu, chini kidogo ya pua. Roketi inapopanda, hewa ya nje hupungua mgandamizo huku ya ndani ikibaki vilevile, na hewa hiyo iliyonaswa inaweza kuisukuma pua nje kabla ya wakati. Tundu hilo huruhusu hewa kutoka polepole. Ni kazi ya dakika moja, na wengi huisahau.

Vifungo viwili vya reli navyo vifungwe kwa skrubu zinazouma mbao, si karatasi tupu, kimoja karibu na mkia na kingine karibu na mahali roketi inaposawazika, vyote kwenye mstari mmoja.

Ukimaliza kupaka rangi, ipime. Usitumie uzito ulioandikwa kwenye boksi, kwa sababu gundi na rangi zako hazimo. Weka mota, parachuti na kila kitu kitakachoruka, kisha isawazishe roketi juu ya kamba au ukingo wa meza utafute mahali inapolala sawa. Hapo ndipo kitovu cha uzito. Kipo na kitovu kingine, mahali ambapo nguvu yote ya upepo ubavuni mwa roketi hukutania. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya hicho cha upepo kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha bomba. Kwa roketi yetu ni sentimita 10. Vitovu hivyo vikikaribiana, roketi huyumba na kupinduka hewani kama tiara iliyokatika mkia, na mota yake bado inawaka.

James Barrowman, mhandisi wa NASA, ndiye aliyewapa wapenda roketi njia ya kukokotoa kitovu cha upepo kwa kalamu na karatasi mwaka 1966. Leo programu inakufanyia. OpenRocket, iliyoanzia kwenye tasnifu ya Sampo Niskanen huko Helsinki mwaka 2009, haiuzwi, na inatosha kabisa. Ingiza vipimo vyako halisi na uzito uliopima mwenyewe. Kumbuka kwamba mota kubwa zaidi huongeza uzito mkiani, kwa hiyo roketi iliyo imara kwa mota ya H inaweza isiwe imara kwa I. Dawa yake ni uzito kidogo ndani ya pua.

Hapo ndipo tunairudia ile namba ya 135. Roketi ya kilo 1.5 ina uzito wa karibu nyutoni 15. Wazoefu wanataka msukumo wa mara tano ya uzito, yaani nyutoni 75, ili roketi iiache reli ikiwa na kasi ya kutosha mapezi kuishika hewa. Mota ya nyutoni 135 inatupa mara tisa. Ni salama. Ukiona mota ya H yenye wastani wa nyutoni 50, ambayo inawaka muda mrefu na inaonekana nzuri machoni, jua si ya roketi hii.

Halafu ile 14. Programu itakuambia roketi yako, baada ya fueli kuisha, itaendelea kupanda kwa sekunde ngapi hadi kileleni. Tuseme ni 8. Ukiacha mota na sekunde zake 14, parachuti itafunguka sekunde 6 baada ya kilele, roketi ikiwa imeshageuka na inashuka kichwa chini kwa kasi. Kamba itavutwa kwa nguvu na kulipasua bomba la karatasi kwa urefu kama zipu inavyofunguliwa, au parachuti itachanika. Ndiyo maana kuna kifaa kidogo cha kutobolea, kinachouzwa na mtengenezaji wa mota, cha kupunguza sekunde mbili mbili. Punguza 6. Fanya hivyo kwa utulivu, nyumbani au mezani kwenye uwanja, ukisoma maelekezo ya mtengenezaji mstari kwa mstari, na umwombe mwenye uzoefu akague.

Parachuti iwe na ukubwa gani? Kwa kilo 1.5, parachuti bapa ya kipenyo cha sentimita 120 hushusha roketi kwa mita 5 hadi 6 kwa sekunde, kasi ambayo mapezi ya plaiwudi huistahimili. Usidhani kubwa zaidi ni bora zaidi. Roketi iliyofungua parachuti mita 400 juu na kushuka kwa mita 5.4 kwa sekunde hukaa hewani sekunde 74. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, ambao chini hutingisha majani tu, utaibeba karibu mita 370. Weka parachuti kubwa zaidi na itavuka barabara na shamba la jirani.

Kuikunja ni kazi yenye adabu yake. Itandaze, nyoosha nyuzi zote zisipishane, ikunje kwa urefu, kisha uizungushie nyuzi kwa ulegevu, mizunguko michache. Anayezikaza nyuzi amefunga kifurushi ambacho hewa haitakifungua. Ifunike kwa kitambaa cha Nomex kisichoshika moto, upande unaoelekea mota, kwa sababu baruti inayoisukuma ni moto mtupu na nailoni huyeyuka mara moja. Kisha ishushe ndani ya bomba. Iteleze yenyewe. Ukihitaji kuisukuma kwa nguvu, itoe uanze upya. Na usiipakie wiki nzima kabla. Nailoni iliyobanwa hushika mikunjo, na asubuhi ya baridi huwa nzito kufunguka.

Mwisho weka pua na ujaribu: inua roketi nzima kwa kushika pua. Isianguke. Sasa itikise kidogo. Ianze kuchomoka. Ikibana, punguza kwa msasa. Ikilegea, ongeza mzunguko wa tepu ya karatasi ile ya mafundi rangi. Jaribio hili lirudie uwanjani, maana unyevunyevu huvimbisha karatasi, na pua iliyoteleza jikoni kwako inaweza kugoma kwenye umande.

Juu ya vifaa vya elektroniki, altimita zinazofungua parachuti mbili kwa urefu tofauti, nasema ngoja. Utazihitaji daraja la pili roketi zitakapofika mbali. Kwenye cheti cha kwanza kila waya unaoongeza ni sababu nyingine ya kushindwa.

Siku ya uwanja ifike na asubuhi yake. Viwanja vyenyewe ni sehemu tambarare, pana, mbali na watu: ziwa kavu la Lucerne kule California, malisho ya Argonia katika Kansas, mashamba ya Price katika Maryland, jangwa la Black Rock huko Nevada. Beba maji, kofia, viatu vya kutembea mbali. Utajaza kadi ya kurusha yenye jina lako, uzito wa roketi na mota, kisha utaipeleka kwa ofisa wa usalama. Atavuta mapezi, atavuta pua, atauliza kitovu cha upepo kiko wapi. Kitie alama kwenye bomba mapema, na cha uzito pia. Akikukatalia, mshukuru. Ofisa huyo ameona roketi nyingi zikianguka kuliko zile ulizowahi kuziona zikipaa, na neno lake uwanjani ndilo la mwisho.

Kiwashio usikitie ndani ya mota mpaka roketi imesimama kwenye reli, imeelekezwa juu, na waliokuzunguka ni wale tu wanaohitajika. Kisukume mpaka kiguse mwisho wa tundu la fueli. Kikiishia katikati, mota inaweza kuwaka nusunusu au isiwake kabisa, na hii ni sababu ya kawaida mno ya roketi kubaki imekaa baada ya kuhesabiwa. Funga waya wake usichomoke. Halafu rudi nyuma: kwa mota moja ya H au I umbali wa chini ni mita 30. Upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, hakuna kurusha. Ukibonyeza kitufe na kimya kikatawala, ondoa ufunguo wa usalama na ungoje sekunde 60 kabla mtu yeyote hajasogea. Sekunde hizo zina urefu wake. Zingoje zote.

Roketi ikiondoka, usiitazame kupitia simu. Mwombe rafiki apige picha. Wewe ifuate kwa macho mpaka iguse ardhi, na utie alama akilini ya mti au nyumba iliyo nyuma ya mahali ilipotua. Parachuti isipofunguka, kila mtu anyooshe mkono kuionyesha na kupaza sauti, asikimbie ovyo. Ikinasa kwenye nyaya za umeme, iache huko, hata kama umeijenga mwezi mzima. Piga simu kwa kampuni ya umeme. Juu ya mti mrefu, vivyo hivyo, usipande. Na ikitua salama, irudishe kwa shahidi wako ikiwa na parachuti, kamba na mota ndani, bila kuchomoa kitu, kwa sababu anachokagua ni jinsi ilivyorudi.

Neno kwa wanaotaka kuupeleka mchezo huu nyumbani Afrika Mashariki. Mwambao wetu una historia yake: tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi ya Scout ilipaa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi ikiwa na satelaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani iliyotengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka angani. Na huko Juja, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia wamekuwa wakisanifu roketi zao katika mradi wa Nakuja. Kiu ipo. Lakini mota hazisafirishwi kwenye ndege ya abiria, si mkononi wala kwenye begi la chini, na kuficha moja kati ya nguo ni kuhatarisha maisha ya watu wote waliomo. Mpelekee mdogo wako vitabu, programu, parachuti, bomba na mapezi. Kabla ya moto wowote, mwambie ashirikiane na mwalimu wake au chuo chake, waiandikie mamlaka ya usafiri wa anga na polisi wa eneo, waombe kibali kwa maandishi, na wangoje jibu.

Kwa wewe uliyeko karibu na uwanja ulio tayari: tafuta tawi lililo jirani, nenda siku ya kurusha mikono mitupu, uliza, tazama zinazorudi na zisizorudi. Kisha ndipo ununue seti.